Kupunguza matiti hapa Dar: dokta nampa maksi zote, huduma ya baada ya kushonwa ndo mkaiulizie mapema

Hii ni rivyu ya huduma nzima, kuanzia kumuona dokta mpaka kovu kukauka, siyo ya kulala wodini tu, maana nimesikia watu wakisifia hospitali kwa sababu ya mashuka meupe na uji wa asubuhi, ukiwauliza kidonda kilikuwa kinasafishwa na nani hawana jibu. Mi nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti kwenye hospitali moja binafsi hapa Dar. Jina naliacha kwa sababu yapo mazuri na yapo yaliyonikera sana. Mwaka umeshapita na ushee, maumivu yameisha, bili imelipwa, kwaiyo naongea nikiwa nimetulia.

Niwaambie kwanza nilikuwa naishije, maana bado wapo wanaoona huu ni urembo. Sidiria yangu Kariakoo ilikuwa haipatikani, unazunguka Mtaa wa Kongo mwanzo mwisho unaambiwa "hiyo hatuna dada, jaribu mitumba", unaenda Karume unachambua mpaka unapata moja yenye mikanda mipana, unabeba hivyohivyo hata kama rangi huipendi. Mabega yalichimbika, ngozi ikawa nyeusi na ngumu kama sugu, ukipitisha kidole unausikia mfereji kabisa. Joto la mwezi wa pili ndo usiseme. Chini ya matiti jasho halikauki, fangasi haziishi, unapaka krimu zinapoa, wiki ijayo zimerudi, nikawa nakunja kipande cha kanga kuukuu naweka pale chini, mchana naingia chooni ofisini nabadilisha kingine kikavu. Usiku vidole vinakufa ganzi. Shingo na mgongo nimekunywa diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuuma. Alafu ukilalamika unajibiwa "Mungu kakupa, wenzio wanazitafuta kwa hela". Anayekujibu ivo hajawahi kuyabeba hata siku moja!

Nilijaribu mengine kwanza. Mazoezi ya fizio yalinisaidia mgongo kidogo. Uzito nilipunguza kweli, tumbo likaisha, uso ukakonda, matiti yakapungua kiduchu tu. Dokta alikuja kunieleza baadaye kwamba titi ni mafuta na tezi na nyama nyingine za ndani, na kila mwanamke ana mchanganyiko wake, kwaiyo kuna anayepungua kilo akapungua na kifua na kuna ambaye kifua kinabaki palepale. Basi tusiwe tunawaambia watu "punguza kula tu" kana kwamba tumewapima.

Nyumbani mume wangu hakuwa na neno, alishaona ninavyolala nimekaa. Mama ndo alikuwa mgumu, yupo Tanga, anasema tunabadilisha umbile la Mungu. Sikutaka kubishana nae, nikamuomba tukamuulize sheikh wake mwenyewe anayemuamini. Sheikh akauliza maswali mazuri kweli, yanakuuma? daktari kasemaje? dawa umejaribu? Mwisho akasema kubadilisha maumbile kwa kutaka kupendeza tu ni jambo moja na kuondoa madhara ni jambo jingine, hii ni tiba kama tiba nyingine. Mama akanyamaza, kesho yake akaanza kuuliza nani atakuja kunihudumia. Kama kwenu kikwazo ni hichohicho nendeni kwa mtu ambaye wazee wenu wanamsikiliza, msijibizane na mama zenu. Nilimuonyesha pia picha za Simona Halep, yule mcheza tenisi wa Romania, alipunguza matiti 2009 akiwa na miaka 17 kwa sababu yalikuwa yanamzuia kucheza, akaja kuchukua French Open 2018 na Wimbledon 2019. Mama hajui tenisi ila alielewa kwamba binti wa miaka 17 hakuendea pale kutafuta bwana.

Sasa madaktari. Niliona wawili. Wa kwanza hata sijakaa vizuri kashaanza kunitajia bei ya kifurushi, tumbo na matiti kwa pamoja eti nitaokoa hela, wakati mi tumbo sikulitaja. Hakuniuliza kama nina mpango wa kuzaa, hakuniuliza dawa ninazotumia. Nilishukuru nikaondoka.

Wa pili, ndo huyu aliyenifanyia, alikaa na mimi muda mrefu na nesi wa kike yupo ndani muda wote, hilo zingatieni. Alinipima nimesimama, kwa futikamba, kutoka kwenye mtulinga mpaka kwenye chuchu, kila upande, akanionyesha kwamba hayalingani. Akachora kwenye karatasi. Kwa matiti makubwa kama yangu mkato unazunguka weusi wa chuchu, unashuka chini wima, alafu unalala kwenye mkunjo wa chini ya titi, ukiuangalia una umbo la nanga. Chuchu haikatwi ikawekwa pembeni, inabaki imeshikana na kipande cha nyama ya ndani chenye mishipa ya damu na ya fahamu, inapandishwa juu nacho. Kwa matiti makubwa kupita kiasi kuna wakati inabidi itolewe na kupandikizwa upya, na hapo hisia na kunyonyesha vinapotea. Haya yote alinieleza yeye mwenyewe kabla sijauliza. Akanitajia na mabaya: damu kuvia ndani, maambukizi, kidonda kufunguka, ganzi ya chuchu, matiti kutolingana, makovu kuvimba, damu kuganda miguuni. Nikaona huyu hauzi kitu, huyu anatibu.

Swali la kunyonyesha alilipa uzito wake. Wapo wanaonyonyesha vizuri baada ya hapo, wapo wanaopata maziwa kidogo inabidi waongezee ya kopo, wapo ambao hayatoki kabisa, na hakuna daktari wa kukuhakikishia wewe utakuwa wapi. Kama unataka mtoto karibuni akashauri usubiri, kwanza kwa ajili ya maziwa, pili kwa sababu mimba itayabadilisha tena. Na kama umetoka kuachisha mtoto ziwa subiri kama miezi 6 yatulie kwanza. Mi nina wawili na tulishakubaliana na baba watoto inatosha. Lakini dada wa miaka 22 anayeteseka asiambiwe "subiri uzae kwanza" kama vile mgongo wake hauna thamani mpaka apate mume, apewe ukweli wote aamue.

Kuhusu sigara na shisha hakutaka mjadala, uache wiki kadhaa kabla na wiki kadhaa baada, nikotini inabana mishipa midogo na chuchu inaweza kufa. Aspirini na ibuprofeni unaacha mapema kadiri utakavyoambiwa, hata vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki, vinaweza kuongeza kutoka damu. Nikapima wingi wa damu, sukari, presha, na ultrasaundi ya matiti, waliofika miaka 40 wanaambiwa na mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti.

Hela. Ni milioni, siyo laki, jipangeni. Bima yangu ilikubali vipimo, upasuaji ikaukataa kwa neno moja, "urembo". Dokta akaandika barua ndefu, tukaambatanisha kadi za kliniki za fangasi, ripoti ya fizio, dawa nilizotumia, ikarudishwa tena. Nilikasirika na mpaka leo nina hasira, mtu akikatika goti anatibiwa, mgongo unaovutwa na kifua unaitwa urembo. Hata ivo tunzeni makaratasi yenu, kila ukienda kutibiwa fangasi au mabega hakikisha dokta anaandika chanzo ni uzito wa matiti, bila maandishi huna hata pa kuanzia kubisha. Na mkipewa bei muulize ndani yake kuna nini. Mi bei niliyotajiwa ilikuwa na chumba cha upasuaji, dokta na mtaalamu wa usingizi. Sidiria ya baada ya upasuaji, kipimo cha nyama iliyotolewa, na kusafishwa kidonda kila mara vilikuja kwenye bili nyingine ambayo hakuna aliyenitajia. Kwa wanaouliza serikalini, Mloganzila nao wanafanya upasuaji rekebishi, mi sijatibiwa pale kwaiyo siwezi kuwapa maksi, nendeni mkaulize.

Siku yenyewe haina mengi. Unafunga kula, unachorwa na kalamu ukiwa umesimama, unapigwa nusu kaputi, unaamka umefungwa kifua na mrija mmoja kila upande unaotoa damu kwenye vichupa. Kama masaa matatu hivi walinieleza ilichukua. Manesi wa usiku ule Mungu awabariki, walikuwa wanakuja kuangalia rangi ya chuchu kila mara bila kuitwa, na asubuhi wakaninyanyua nitembee hata kama sitaki, kwa ajili ya kuzuia damu kuganda.

Kazi ipo nyumbani. Mtu akikudanganya wiki moja unarudi kawaida usimsikilize. Mikono haipandi juu ya kichwa, na hapo ndo unagundua maisha yetu yote yapo juu ya kichwa. Dera halivaliki! Nilikuwa na madera kabati zima, nikaishia kuvaa mashati ya mume wangu ya vifungo na kanga. Kuchana nywele huwezi, kwaiyo nenda kasuke kabla ya upasuaji, twende kilioni tu inatosha, utanishukuru. Ndoo ya maji hunyanyui, ugali husongi, nazi hukuni, hufui, mtoto humbebi, na hii ni wiki 6 hivi mpaka dokta akuruhusu. Unalala chali umeegemea mito, ukizoea kulala kifudifudi utalia. Kwenye gari weka mto mdogo kati ya kifua na mkanda, maana matuta ya mitaa yetu kila moja utalijua kwa jina. Sala nilikuwa nasali nimekaa kwenye kiti kwa sababu kusujudu kulikuwa kunavuta kifua, na siku niliyoweza kuweka paji la uso chini bila uzito ule wa zamani kunikaba shingoni nililia machozi, sikuwahi kujua kwamba sijda yaweza kuwa nyepesi ivo.

Mama mdogo alikuja kunihudumia na kwa kweli bila yeye nisingeweza. Ila siku ya kwanza tu kaweka maji jikoni, anataka anikande kama mzazi. Jamani hapana. Ngozi ya kifua wakati ule ina ganzi, maji yakiwa ya moto sana unaungua na huhisi, na joto linaweza kuzidisha uvimbe na kutoka damu. Asali, mdalasini, chumvi ya jikoni, vyote viachwe mbali na kidonda kibichi. Tulimpigia dokta kwa spika akamweleza mwenyewe kwa heshima, akaelewa, yale maji akayapikia chai. Waambieni wazee wenu mapema, wanafanya kwa upendo.

Maumivu yenyewe yalikuwa ya kubanwa na kuvimba, dawa ziliyaweza. Kilichonishtua ni vijishoti, unatulia tu ghafla titi linapigwa chwi, kumbe ni mishipa ya fahamu inarudi. Chuchu ya kulia ilianza kuhisi taratibu ndani ya miezi michache, ya kushoto mpaka leo iko nusunusu. Choo kigumu pia, dawa kali za maumivu zinafunga tumbo, papai na maji kwa wingi.

Sasa kilichonikera. Kwenye ile nanga, pale mstari wa wima unapokutana na wa chini, ngozi inavutwa pande zote, na ndo mahali panapofunguka kwa watu wengi. Kwangu pakafunguka upande wa kushoto, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, ndani pamelowana na pana rangi ya njanonjano, sidiria ina doa. Ilikuwa Jumamosi. Namba niliyopewa inaita mapokezi, mapokezi wananipeleka wodini, wodini wananirudisha mapokezi, wananiambia dokta yupo Jumatatu, njoo Jumatatu. Hakuna aliyeniuliza kama nina homa. Hakuna aliyeniuliza panatoa harufu. Karatasi niliyotoka nayo hospitali ilikuwa na dawa na tarehe ya kurudi, basi. Nilikaa usiku mzima naamini titi linaoza. Dokta alipopata habari Jumatatu alinipokea kwanza, akanitoa hofu, hiyo hutokea sana na hupona yenyewe ikisafishwa vizuri, na ikawa ivo kweli, wiki kadhaa za maji ya chumvi ya dripu na shashi safi kwa nesi wa zahanati ya mtaani kwetu pakajifunga. Huyo nesi wa zahanati, kwa malipo madogo kuliko yote niliyolipa safari nzima, ndo aliyenipa elimu ambayo hospitali kubwa ilitakiwa kunipa.

Aliniambia na mi nawaambia: homa, wekundu unaosambaa na joto, usaha wenye harufu, titi moja kuvimba ghafla na kukaza kuliko jingine, chuchu kubadilika kuwa ya bluu au nyeusi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata. Ukiona hata kimoja usisubiri Jumatatu ya mtu, nenda emajensi yoyote iliyo karibu. Na kabla hujalipa hata shilingi uliza hospitali hivi: kidonda kikifunguka Jumamosi usiku nampigia nani, anaitwa nani, namba yake ipi? Wakijiumauma tafuta pengine hata kama dokta ni bingwa, au mkubaliane kwa maandishi. Dokta wangu ana mikono ya dhahabu lakini yeye ni masaa matatu ya upasuaji, yanayobaki ni miezi.

Sidiria waliyoniuzia hospitali nayo hapana. Bei ya kuruka, kitambaa cha nailoni, kwenye joto hili nilitokwa vipele pembeni. Nilienda kununua za pamba za mazoezi zinazofungwa mbele kwa zipu, hazina waya, mbili, moja navaa moja inafuliwa, dokta akaziangalia akasema zinafaa, kwaiyo muulizeni kwanza mkanunue wenyewe. Unaivaa usiku na mchana kwa wiki 4 mpaka 6 au utakavyoambiwa. Msinunue sidiria nzuri za maua mapema, uvimbe unachukua miezi 3 mpaka 6 kutulia na saizi inabadilika njiani.

Makovu. Ngozi nyeusi tunapata keloidi zaidi, kwaiyo kama una kovu la sindano au la kutoboa sikio limeota nundu mwambie dokta kabla hajashika kisu. Yangu kwa sehemu kubwa ni mistari myembamba inayoendelea kufifia, dokta alisema nisiyahukumu mpaka mwaka au mwaka na nusu. Kwenye kona ya chini ya kwapa upande wa kulia palinyanyuka na kuwasha, nikachomwa sindano za steroidi palepale kwenye kovu, zinauma kweli ila pameshuka. Jeli ya silikoni unaanza kidonda kikishajifunga kabisa, siyo kabla, na unapaka kwa miezi, siyo siku mbili.

Mabega sahivi hayaumi. Vidole haviamki na ganzi. Fangasi hazijarudi hata kwenye joto la mwezi wa pili uliopita, na krimu zile nilizitupa.

Jambo la mwisho ni ile nyama iliyotolewa. Lazima iende maabara kuangaliwa, maana mara chache wanakuta saratani ambayo hata ultrasaundi haikuonyesha. Yangu ilipelekwa, nikalipia, na majibu hakuna aliyenipigia, niliyafuata mwenyewe, yalikuwa salama na yalishakaa kwenye faili muda tu. Fuatilieni yenu na muombe kopi. Na baada ya uvimbe kuisha dokta atakuandikia picha mpya ya matiti ibaki kumbukumbu, kwa sababu makovu ya ndani na mafuta yaliyokufa yanaweza kutengeneza vinundu vigumu vinavyotisha, kwaiyo popote utakapoenda kupimwa matiti miaka ijayo mwambie anayekupima kwamba ulishapunguzwa, na hiyo picha nenda nayo.